Maduara Mawili: Nilivyofundisha Kilimanjaro na Meru

Nafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini Moshi. Kwa miaka mingi mada ya milima niliifundisha kwa kuandika maelezo ubaoni, nao wanafunzi wakinakili kwa utulivu, na utulivu ule niliudhania kuwa ni kuelewa.

Jaribio langu la kwanza la kubadilika halikufaulu. Nilichora maduara mawili yanayoingiliana, mchoro alioueleza mwanahisabati wa Uingereza John Venn mwaka 1880, moja la Kilimanjaro na jingine la Meru, kisha nikayajaza mwenyewe. Wanafunzi walinakili kama kawaida.

Kipindi kilichofuata niliyaacha maduara matupu. Niliwagawa watoto katika makundi ya watano watano, kila kundi nikalipa kalenda ya zamani iliyogeuzwa upande mweupe pamoja na kalamu moja tu, ili asiandike mtu kabla hawajakubaliana. Upande wa Kilimanjaro ulijaa upesi: mita 5,895, theluji, vilele vya Kibo, Mawenzi na Shira. Upande wa Meru ulisuasua, mpaka binti mmoja ambaye bibi yake anaishi Tengeru, chini ya Mlima Meru, aliposema kwamba kule nako kuna migomba na kahawa, na hapo mabishano yakahamia katikati, maduara yanapoingiliana, mahali pa mambo ambayo milima yote miwili inayo.

Ubishi mkubwa ulihusu volkano. Kundi moja liliandika neno hilo upande wa Meru peke yake, kwa kuwa walisoma kwamba mlima huo ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Mvulana wa kundi jirani akaniuliza, "Mwalimu, sasa Kibo ilitokana na nini?" Sikumjibu; nilimwambia awaulize wenzake. Walirudi kitabuni wenyewe, wakakuta kwamba Kibo ni volkano iliyolala, na kwamba Mawenzi na Shira zilikwisha kuzimika, ndipo wakalikata neno lile na kuliandika katikati, wakiuacha mwaka 1910 ubaki kwa Meru. Naamini kazi yote ya mchoro iko hapo, katika kuamua neno likae wapi.

Dakika 40 hazitoshi, hivyo sasa naomba vipindi viwili vinavyofuatana. Wala situmii maduara kwa kila mada: safari ya kahawa tangu kuchumwa, kumenywa, kuoshwa hadi kuanikwa naichorea visanduku vyenye mishale, kwa sababu maduara hayaonyeshi mfuatano.

Kalenda zile nimezibandika ukutani pamoja na maneno yake yaliyokatwa. Wakati wa marudio, watoto husimama mbele yake kabla ya kufungua madaftari.