Siku moja maishani mwangu: mkutubi wa nota wa okestra, Chicago

Saa 2:30 asubuhi. Natoa nota za Also sprach Zarathustra ya Richard Strauss, kazi ambayo Theodore Thomas, mwanzilishi wa okestra yetu, aliileta Marekani kwa mara ya kwanza, hapa hapa Chicago, mwaka 1897. Strauss anataka wapigaji 64 wa ala za nyuzi. Wawili hutumia stendi moja, kwa hiyo seti ni 32: fidla za kwanza 8, za pili 8, viola 6, chelo 6, besi 4.

Kinachokula muda ni alama za upinde. Kiongozi wa fidla akishaamua upinde ushushwe wapi na upandishwe wapi, nanakili kila seti kwa penseli laini. Wino ni marufuku: mwongozaji ajaye atabadilisha, na karatasi kuukuu ikifutwa kwa nguvu huchanika. Ukiruka stendi moja, wawili wale watapandisha pinde wenzao wakishusha, na ukumbi mzima utaona.

Saa 4:00. Mazoezi. Nakaa pembeni na kifutio. Kinachovuruga zaidi ni matoleo ya nota kutofautiana: mwongozaji anataja namba ya mahali pa kuanzia, nusu ya okestra inafungua kwingine. Dawa yake ni kulinganisha ukurasa kwa ukurasa siku kadhaa kabla.

Saa 7:00 mchana. Nakagua kijitabu cha programu, ukurasa wa waongozaji. Thomas alianzisha okestra mwaka 1891 katika ukumbi wa Auditorium, mkubwa mno kuujaza. Ukumbi wao wenyewe ulifunguliwa Desemba 14, 1904. Akafariki Januari 4, 1905. Frederick Stock, aliyekuwa mpiga viola humo humo, akashika kifimbo hadi 1942. Baada yake waandishi hurukia Fritz Reiner wa 1953, kana kwamba Defauw, Rodziński (msimu mmoja tu, 1947–48) na Kubelík hawakuwapo. Solti, 1969–1991, hakosewi. Haitink hukosewa kila mara: 2006–2010 alikuwa mwongozaji mkuu, si mkurugenzi wa muziki kama Barenboim kabla yake na Muti baadaye.

Saa 10:00 jioni. Gundi na pembe za kurasa zilizochanika, basi tu.

Saa 1:00 usiku. Folda juu ya stendi, nusu saa kabla ya onyesho. Likiisha, nakusanya na kuhesabu. Seti ikikosekana, naanzia chini ya viti vya besi, halafu kwenye masanduku ya ala.