Kagua kunguni kitandani kabla hujatua begi

Ukifika gesti hapa Mombasa, begi liache kwanza bafuni, juu ya vigae. Washa tochi ya simu, toa shuka, uanze na mapindo ya godoro upande wa kichwani. Usimtafute kunguni mwenyewe tu, mchana hujificha. Tafuta vidoa vyeusi kama nukta ya kalamu. Sugua kwa kitambaa kilicholowa maji: kikivuta rangi ya kahawia iliyoiva, ni kinyesi chake. Mayai ni meupe, milimita 1 hivi, yamegandia ubaoni. Kitanda cha mbao za kuchonga ndicho kazi hasa: pitisha kadi ngumu kwenye kila maungio. Mapindo ya chandarua nayo, wengi huyasahau! Ukimkuta hata mmoja, omba chumba kisichopakana na hicho.