Kikao cha Hosteli

Nilikwenda kusoma Ulaya muhula mmoja kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Mpango huo ulianza mwaka 1987 kwa jina la Erasmus, kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya wenyewe, baadaye ndipo ukatufungulia mlango sisi wa mabara mengine. Kabla ya safari tulipewa semina ya uongozi, na sikumbuki mengi yaliyosemwa pale. Ninachokumbuka vizuri ni jioni moja kwenye ukumbi wa hosteli, mitihani ikikaribia.

Ratiba ilikuwa imetoka, na mtihani wa somo moja ulipangwa wakati wengi wetu tungekuwa tumeshaondoka. Kwa mwanafunzi wa kubadilishana hilo si jambo dogo: muhula kamili una krediti 30, na somo usilofanyia mtihani halikupi krediti hata moja. Watu walikuja wamekasirika. Waliozoea Kiingereza waliongea wote kwa mpigo, huyu anataka barua kali, yule anataka tugome. Nikaombwa niongoze kikao kwa kuwa sikuwa upande wowote.

Nilizungusha karatasi mezani, kila mmoja aandike jina, tarehe ya kuondoka na pendekezo moja. Ukumbi ukatulia. Karatasi iliporudi niliona maandishi madogo ya mwenzetu ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mbele ya watu: "Tusome mkataba wa masomo." Nikampa nafasi. Alizungumza polepole, akitafuta maneno, na mtu alipotaka kumkatiza nilimwinulia mkono asubiri. Hoja yake ilikuwa nzito. Mkataba ule husainiwa na pande tatu: mwanafunzi, chuo kinachomtuma na chuo kinachompokea. Masomo yameorodheshwa humo, na muda wa kukaa umetajwa. Kumbe hatukuwa tunaomba hisani.

Nyumbani nilishawahi kuwa kiongozi wa darasa, lakini pale cheo kilinibeba. Ugenini huna cheo, hakuna anayekujua, hata lugha unayoongozea si yako. Unabaki na maandalizi yako na uwezo wa kusikiliza. Kwa hiyo naamini kwa dhati kwamba waandaaji wa mipango hii wangepunguza semina na kuwaachia wanafunzi shughuli za kweli za kusimamia, zenye matokeo yanayowagusa.

Siku iliyofuata tulikwenda wawili, mimi na yule mwenzetu mkimya, kwa mratibu, na orodha ya tarehe pamoja na nakala za mikataba mkononi. Mimi nilieleza tatizo, mwenzangu akafafanua hati. Mratibu aliipitia orodha mstari kwa mstari, kisha akampigia simu mhadhiri tukiwa bado tumekaa mbele yake. Waliokuwa wakiondoka mapema wakapangiwa mtihani wa mdomo kabla ya safari.

Tulipokutana tena kuchagua msemaji wa wanafunzi wa kubadilishana, nilimpendekeza yeye. Alipita bila kupingwa.