Vyuma, tepu na mita 30

Wengi wanaoanza kunyanyua vyuma kwa ajili ya mbio fupi hukata tamaa mapema, wakiona tepu ya fundi cherehani bado inasoma paja lile lile. Wasikate. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli mingi kwa pamoja. Unene huja baadaye. Wala unene si lengo la mtimkaji, maana kila kilo inayoongezeka ni mzigo wa kusukuma tangu mstarini.

Kwa hiyo skwoti (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mabegani) iwe nzito na fupi: seti 3 au 4 za marudio 3 hadi 5, ukiacha ukiwa bado na nguvu ya marudio mawili, kisha upumzike dakika 3 kamili. Mara mbili kwa wiki zatosha. Zile seti za marudio 15 hadi miguu itetemeke, zinazopendwa sana kwenye jimu zetu, huacha miguu mizito kesho yake, na ukitimka hivyo msuli wa nyuma ya paja unaweza kuchanika. Msuli huo uulinde hivi: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, ujishushe mbele polepole bila kukunja nyonga. Anza na seti 2 za marudio 4 tu, kwani maumivu ya siku mbili za kwanza si haba. Siku ya mbio na vyuma pamoja, mbio zitangulie: mita 30, mara 4 hadi 6.

Paja lipimwe asubuhi kabla ya mazoezi, umesimama kwa miguu yote miwili, katikati ya kinena na ukingo wa juu wa pia ya goti. Weka alama ya kalamu. Tepu ikiwekwa sentimita chache tu juu ya alama hiyo, paja litaonekana “limenenepa” bure. Pima na kiuno. Kiuno kikikua na muda wako wa mita 30 usishuke, punguza chakula, si vyuma.

Saa ya kubonyeza kwa kidole haifai hapa, kosa lake linaweza kuzidi maendeleo ya msimu mzima. Rekodi video kwa simu iliyotulia pale pale kila mara, uhesabu fremu, yaani picha moja moja za video: kwa fremu 60 kwa sekunde, kila moja ni takriban sekunde 0.017.

Tena usilinganishe muda wa Nakuru na wa Kisumu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130 hivi, na hewa nyepesi humpunguzia mtimkaji upinzani. Ukihamia Kisumu, anza daftari jipya.