Angalia mshale kabla hujabonyeza swichi

Jumanne iliyopita hapa karakana kwetu Isevya, Tabora, belti ya msasa ya mashine ya kusugulia mbao ilikatika mashine ikiwa kwenye spidi ikamchapa bwana mdogo ninayemfundisha kazi kwenye kifundo cha mkono. Damu haikutoka nyingi ila mkono ulivimba siku mbili, na mimi usingizi sikuupata vizuri maana kosa ni langu, nilimfundisha kusukuma mashine, belti yenyewe inavalishwaje sikumfundisha.

Mafundi wenzangu, igeuzeni belti muangalie upande wa ndani, ule wa kitambaa. Nyingi zina mshale. Mshale ule ufuate uelekeo ambao mashine inazunguka, na mashine nayo ina mshale wake ubavuni. Sababu yake ni kwamba belti za aina ile zimeungwa kwa kulaza ncha moja juu ya nyingine, sasa ukivalisha kinyume ile ncha ya juu ndo inatangulia kukutana na mbao, inakwaruzwa kila mzunguko mpaka inabanduka, na ikibanduka imekatika hiyo. Ndo kilichotokea kwetu. Zipo ambazo hazina mshale, zimekutanishwa ncha kwa ncha halafu kikapigwa kiraka cha tepu kwa nyuma, hizo zunguusha upande wowote.

Na kabla ya yote chomoa plagi. Siyo kuzima swichi tu, chomoa kabisa, kwa sababu hizi mashine zina kitufe cha kufungia swichi ibaki imewashwa na umeme wetu unakatika na kurudi wakati wowote, unaweza kuwa vidole viko kwenye rola kitufe bado kimefungwa, umeme ukarudi.

Ukishavalisha, igeuze mashine tumbo juu, uibonyeze kidogo kidogo huku unazungusha ile nobu ya pembeni mpaka belti ikae sawa na ukingo wa rola. Ikiingia sana ndani inakula bodi ya mashine, ikitoka nje inachomoka. Ukifanya kazi dakika moja mbili simama uangalie tena, belti ikipata joto huwa inahama.

Kwenye kusukuma sitasema mengi. Washa mashine kabla haijagusa mbao na inyanyue kabla hujazima, fuata nyuzi za mbao, na usisimame sehemu moja hata sekunde, ukisimama umechimba shimo na juu ya meza ya mninga shimo halifichiki, vanishi ikikauka ndo linaonekana vizuri zaidi. Uzito wa mashine unatosha, usikandamize. Waya upitishe begani usije ukaukanyagia mashine.

Watu wanakandamiza kwa sababu belti imeziba. Mninga mkavu hausumbui sana, ila hizi mbao za paini zinazotoka Mafinga zina utomvu, unaganda kwenye msasa unakuwa kama kioo, fundi anaona haili anakandamiza, mbao inaungua na belti inakufa. Tafuta soli ya kiatu ya raba ya asili, iguse taratibu kwenye belti inayozunguka, uchafu unatoka. Soli za plastiki hapana, zinayeyuka humo humo. Kama msasa umelika kweli tupa, usiuonee huruma.

Belti usizikunje wala usizitundike kwenye msumari, zinapata mkunjo na ule mkunjo utagonga mbao kila mzunguko. Mimi nazitundika kwenye kipande cha bomba pana, mbali na bati, maana joto la Oktoba hapa Tabora linakausha gundi ya maungio.

Vumbi sasa. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Na vumbi la mninga lina lake la ziada, wengine linawabana kifua kabisa. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, nunueni barakoa ya vumbi yenyewe na miwani. Mikono mirefu ikunje, glavu zinazoning'inia vua. Mfuko wa vumbi umwage kabla haujajaa na usiulaze karakana, kwa sababu msumari mmoja ukiguswa na msasa unatoa cheche, cheche inaingia kwenye mfuko inafuka kimya kimya, unakuja kushtuka usiku.

Jamani kwenye namba za ukali wa msasa usiruke kutoka 40 kwenda 120, mikwaruzo ya 40 haitoki hata ushinde hapo. Nenda 40, 60, 80, 100 ndo uje 120. Hapa mjini 80 napata kila duka ila 100 ya saizi ya milimita 75 kwa 533 nimezunguka wiki nzima sijaiona, mwenye kujua inauzwa wapi aniachie ujumbe.