Nilivyoyazoea matusi ya Waingereza nikiwa kazini

Nilikuja Uingereza kulea wazee, Kiingereza changu kilikuwa cha darasani tu, sasa wiki ya kwanza namfunga mzee mmoja vifungo vya shati nikaruka kimoja, akaniambia "you muppet". Nikanyamaza, ila usiku sikulala vizuri, neno linanirudia tu.

Kesho yake wakati wa chai nikamuuliza mama mmoja wa jikoni, mzaliwa wa London, akaniambia huyo kakuzoea, muppet ni wale midoli ya Jim Henson ya kwenye tivii, shoo yao ilirekodiwa hukuhuku Uingereza kuanzia 1976, yani ni kama kwetu unavyomwambia mshkaji "we boya" au "zoba". Hapo ndo nikanunua kidaftari. Kila neno nikilisikia naandika, na nani kamwambia nani, na sura ilikuwaje.

Hiyo ya sura ndo ilinisaidia kuliko vyote, maana ukifuata asili utagombana na kila mtu. "Git" limetokana na neno la kuzaa, mtoto wa nje ya ndoa, yani mwanaharamu kabisa, lakini wazee wanaitana "you old git" huku wanakatiana keki. "Pillock" asili yake ni neno la kale la uume, pillicock, na Shakespeare kaliweka kwenye tamthilia yake ya King Lear, ila leo ukiitwa hivyo ni mjinga tu. "Plonker" nalo ni hukohuko kwenye uume, na leo ni mjinga tu, ila lilipata jina kwenye Only Fools and Horses, komedi ya BBC iliyoanza 1981, Del Boy akimsema mdogo wake Rodney, na wazee wetu ile wanaipenda mno.

Lililonishtua ni "berk", nalo ni mjinga. Wakokni, watu wa kawaida wa mashariki ya London, wanaficha neno kwa vina, wakachukua Berkeley Hunt, kundi la wawindaji wa mbweha, kwa vile Hunt inaishia sawa na tusi zito la sehemu za siri za mwanamke, halafu wakakata mwisho ikabaki berk. Wengi wanalisema bila kujua, mi silisemi.

Na "chav" silitaki hata kulisikia, hilo ni la kumdharau maskini na mavazi yake, hamna utani pale.

Juzi nimerudi likizo, yule mzee kaniona mlangoni tu, "where've you been, you muppet?" Nikamshika mkono nikamwambia nilikuwa Tanga kwa mama.