Fisi Makanga

Mwaka 2021 mama yangu, anayeuza mboga Kawangware, alikopa shilingi 3,000 kwa simu. Alipochelewa kulipa siku 4 tu, wakopeshaji wakaanza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yake, hadi mweka hazina wa chama chake. Mama hakukanyaga chama mwezi mzima. Mwaka uliofuata Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kuwakataza wakopeshaji wa simu kuwaaibisha watu hivyo, lakini ya mama yalikuwa yameshazunguka mtaa mzima.

Mimi huchonga picha kwenye lino, yale matandiko laini ya sakafu, kisha naipaka wino na kuichapa kwenye karatasi. Nikaapa nitaichonga tamaa hiyo.

Chapa za kwanza zilikuwa za tajiri mnene, kofia ndefu, sigara mdomoni. Hazikumchoma mtu, maana hapa mdai haji na kofia, huja mfukoni mwako. Nikakumbuka chapa ya mchoraji Mwingereza William Hogarth ya mwaka 1721, baada ya hisa za kampuni ya South Sea kuporomoka Uingereza: kawapandisha watu kwenye pembea ya kuzunguka, kasisi na kahaba pamoja. Kwetu pembea hiyo ni matatu. Makanga akawa fisi, yule yule wa ngano za nyanya, sasa kavaa tai, na badala ya nauli anakusanya simu.

Kuchonga kulinitesa. Baridi ya Julai huikausha lino ikawa ngumu, patasi inateleza na kukuchana kidole. Naianika juani, na jua likikosekana nailaza kando ya jiko mpaka ilainike. Halafu maneno: nilichonga MKOPO DAKIKA MOJA kwenye kioo cha gari, yakatoka kinyume. Kazi ya wiki 2 ikaharibika. Sasa nachora kwanza kwenye karatasi nyepesi, naigeuza, ndipo nanakili. Mashine sina, nalaza karatasi juu ya lino yenye wino, nasugua mgongo wa karatasi kwa mwiko wa ugali, viduara vidogo vidogo, kisha nainua pembe moja nichungulie kama weusi wa fisi umeshika.

Kabla ya kuzitia chapa zangu namba za nakala, nilimpelekea mama nakala ya majaribio. Aliitazama kimya, kisha akaweka kidole kwa mwanamke aliyekaa dirishani mwa matatu.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe, mama."

"Na mbona leso yangu ni nyeusi tii? Ile ina maua."

Kwenye lino, palipochongwa ndipo hubaki peupe, na leso nilikuwa sijaigusa. Usiku ule nikachonga maua 11.